Hata Eli Hakuuliza

Yeongju, 11 Aprili

Mwanangu Hye-rim,

Mara ya mwisho kuandika barua kwa mkono nilikuwa namwandikia baba yako akiwa jeshini, na hata yeye alilalamikia mwandiko. Vumilia. Umejitoa kwenye kundi la familia, umejitoa kwenye kundi la binamu zako, nikikupigia simu inaita mpaka inachoka. Jana baba yako akaniambia, "Alisema atasoma kitakachokuja na stempu. Si ununue stempu?" Haya, nimenunua kumi. Naona vita hii ni ndefu.

Nikueleze ilivyokuwa, maana wewe ulisikia mkia tu. Mwezi wa tatu kanisa lilileta programu ya simu, inaitwa Siku Mia za Mtu Mpya. Kila jioni unaweka tiki: sura tatu za Biblia, hatua elfu sita, glasi nane za maji, maombi ya alfajiri, kuzuia ulimi. Ukitimiza unapewa nyota, na nyota zako kila mtu anaziona. Mimi ni wa tatu kanisa zima. Ningekuwa wa pili kama Shemasi Tak Ok-hui asingekuwa anamfunga mbwa wake simu shingoni ili ahesabiwe hatua.

Chini kabisa pana mahali pa kuandika ombi lako. Nikadhani linakwenda kwa kiongozi wa kikundi chetu, basi. Nikaandika kwamba binti yangu Hye-rim na mumewe Sang-yun huu mwaka wa nne wanahangaika hospitalini kutafuta mtoto, Mungu alifungue tumbo lake. Kumbe pale unachagua, Kikundi au Kanisa Zima, na usipogusa kitu yenyewe inachagua Kanisa Zima! Ibada ya Jumatano ombi likatokea kwenye skrini, na jina lako juu, herufi kubwa kama milango.

Nilishtuka, sikatai. Lakini Hye-rim, kuna ubaya gani watu mia mbili kukuombea? Wagalatia sita inatuambia tuchukuliane mizigo. Na wahenga walisema, mficha uchi hazai.

Tufaha zimetoa maua. Njoo nyumbani.

Mama yako,
Gwak Mal-rye

*

Daejeon, 24 Aprili

Mama mpendwa,

Barua imefika na mwandiko unasomeka. Afya yangu nzuri.

Wewe uliona skrini. Acha nikwambie nilichokiona mimi. Binamu wa mama mkwe anasali hapo kwenu, na kabla ibada haijaisha habari ilishafika kwake Andong. Asubuhi yake mama mkwe akampigia Sang-yun kazini, akamuuliza tatizo ni la nani, na sauti yake unaijua, wenzake wote walisikia. Siku ya tatu likaja boksi la dawa ya mizizi, pakiti sitini. Jioni ile Sang-yun aliingia bafuni akafungulia maji ili nisimsikie akilia. Nilimsikia.

Kazi yangu unaijua, Mama. Kutwa nakagua fomu za wagonjwa, nani karuhusu habari zake zitumike na nani kakataa. Mtu nisiyemjua hata sura nalinda siri zake. Za kwangu mama yangu mwenyewe amezianika ukutani.

Hiyo Wagalatia sita, sogea mistari mitatu mbele. Panasema kila mtu atachukua furushi lake mwenyewe. Kuna mzigo wa kusaidiana na kuna furushi la mtu, na mwenye furushi ndiye anayejua lipi ni lipi.

Halafu Hana. Ulikuwa ukinisimulia habari zake ukinisuka nywele. Hana hakuandika popote. Alisimama hekaluni, midomo ikacheza, sauti haikutoka, mpaka kuhani Eli akadhani kalewa. Afadhali kudhaniwa mlevi kuliko mji mzima kujua habari za tumbo lako.

Na methali ile, Mama! Kwangu mimi, mwaka huu? Hukuona nyingine?

Nina swali moja tu. Jioni ile ya Jumatano, kwenye kuzuia ulimi, uliweka tiki?

Binti yako,
Hye-rim

*

Yeongju, 9 Mei

Mwanangu,

Niliweka. Nimerudi nikaitoa, nikashuka mpaka wa tisa. Tak Ok-hui akaniuliza mbele za watu kama naumwa.

Ile methali nimeisoma tena kama ungeisoma wewe, nikaona aibu, nikafunika barua yako kwa kitambaa cha meza kana kwamba inanitazama.

Lakini usidhani nimesalimu amri. Nikasema huyu mtoto anamtaja Hana halafu anaficha mwisho: Hana alimpata Samweli! Basi baada ya maombi ya alfajiri nikamfuata Mchungaji Myeong, Biblia kwapani, nimshitakie. Nilitaka akupe barua ya maonyo, nikutumie na mhuri wa kanisa.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Shemasi, Hana aliomba nini?"

"Mtoto wa kiume, Mchungaji. Hata watoto wa shule ya Jumapili wanajua."

"Eli alijua?"

Nikafungua, nikafuata kwa kidole, mstari kwa mstari. Hye-rim, nimesoma Samweli wa Kwanza mara kumi na moja na nina vyeti vya kanisa kuthibitisha, na sijawahi kuona. Eli alimbariki, akamwombea Mungu ampe alichokiomba, na hakumuuliza ni nini!

Mchungaji akavua miwani. "Mimi nilisoma ombi la binti yako kwa kipaza sauti," akasema. "Eli alikuwa mzee asiyeona vizuri, na bado alinishinda." Akaniomba nikufikishie kwamba anaomba msamaha.

Na mimi pia. Nisamehe, mwanangu. Mstari huo nimeujaribu kwenye karatasi nyingine mara nne kwanza, si mwandiko, ni moyo. Nilidhani nakuombea. Nikijichunguza, nusu yake nilitaka watu waniulize, "Mama Hye-rim, unaendeleaje?" Nilikuwa nimechoka kubeba peke yangu kitu ambacho hata si changu.

Mwambie Sang-yun sithubutu kumwandikia.

Mama

*

Daejeon, 28 Mei

Mama,

Nimekusamehe. Hata Sang-yun amekusamehe, ingawa pakiti thelathini na tisa za dawa bado ziko jikoni zinatukodolea macho.

Nina jambo la kukuambia, ila nitafuata utaratibu wa kazini kwangu. Humu ndani kuna fomu. Ni fomu ile ile tunayotoa hospitalini, nimebadilisha majina tu. Jaza, weka sahihi, irudishe. Mwenzangu wa meza ya pili alipoiona alicheka mpaka akamwaga kahawa, lakini mimi sifanyi mzaha.

Hye-rim

*

Yeongju, 4 Juni

Mwanangu mkorofi,

Fomu hiyo hapo. Nilikaa nayo asubuhi nzima. Baba yako alipita akauliza kama tunauza shamba.

Penye lengo la kupokea habari, nilianza kuandika "maombi", nikaona najidanganya, nikafuta, nikaandika "kwa sababu ni mama yake". Muda wa kuhifadhi nimeweka hadi nizikwe. Watu wengine watakaopewa, nimeandika hakuna. Hapo ndipo nilipokwama. Mungu je? Anahesabiwa mtu mwingine? Maana Yeye nitamwambia, siwezi kukuahidi nisichokiweza. Mchungaji sikumuuliza, angejua kuna kitu. Nimeweka alama ya kuuliza pembeni, wewe mtaalamu utaamua.

Stempu zimebaki saba.

Mama

*

Daejeon, 13 Juni

Mama mpendwa,

Mungu si mtu mwingine. Zaburi mia na thelathini na tisa: neno halijafika ulimini, Yeye ameshalijua lote. Huyo hatuna fomu yake. Sahihi yako nimeipokea.

Basi ni hivi. Tumeacha. Tangu mwezi wa tano hatuendi tena hospitalini kutafuta mtoto, na hatutarudi. Si kwamba daktari alitukatisha tamaa. Tulikaa mezani, mimi na Sang-yun, tukaulizana kama tuna furaha, na tukagundua miaka minne hatujawahi kuulizana.

Najua utaniambia Hana alimpata Samweli. Lakini soma mstari wa kumi na nane polepole. Ametoka kuomba, hana mimba, hana ahadi, ana baraka tu ya mzee asiyejua kaombea nini. Akaenda zake akala chakula, na uso wake haukuwa tena na huzuni. Watu wanauruka mstari huo wakimkimbilia Samweli. Sisi tumefika hapo kwenye kula chakula, Mama, na tumeamua kukaa hapo. Siku ile tulikwenda kula tambi baridi. Sang-yun alimaliza bakuli mbili. Nilikuwa nimesahau kwamba mume wangu anakula hivyo.

Tuna amani. Sikuandikii ili unifariji.

Mama mkwe bado hajui. Sang-yun atamwambia mwenyewe, akiwa tayari. Na kwa sasa hata Baba usimwambie. Fomu umesaini.

Hye-rim wako

*

Yeongju, 30 Juni

Hye-rim,

Nililia. Nilikwenda nyuma ya ghala la masanduku ya tufaha nikalia kilio cha mjukuu ambaye nilishamchagulia jina. Sikukuambia, alikuwa na jina. Basi. Nikanawa uso, nikarudi kupika. Umesema mna amani, na nimekuamini, kwa sababu barua yako ndefu hivi haina hata neno moja lililokatwa.

Sasa sikiliza balaa. Alfajiri kila siku bado wanaomba tumbo lako lifunguliwe, kwa sauti, na Tak Ok-hui ndiye anayeongoza kwa kupiga kifua. Mimi nimekaa katikati yao nikijua. Nikashindwa. Jumatano nikasimama nikasema, "Ombi la Hye-rim liondoeni. Msiniulize kwa nini."

Halafu Tak Ok-hui akaruka juu, "Haleluya!"

Ala! Wanadhani una mimba! Kanisa zima likapiga makofi. Mzee Pyo, ambaye hata mahubiri hayamwamshi, alifuta machozi. Jumapili nafungua karatasi ya matangazo, kwenye orodha ya bahasha za sadaka ya shukrani nakuta: Tak Ok-hui, kwa Mungu kufungua tumbo la Hye-rim. Mchungaji wakati wa kuzisoma aliiruka ile, lakini ilishachapwa. Mlangoni nikakabidhiwa mwani wa kukupikia supu ya uzazi, mafungu mawili.

Chakula cha mchana, tuko ukumbi wa chini wa kanisa na mabakuli yetu, nikaona nikichelewa habari itafika Andong. Nikasimama. "Hye-rim hana mimba," nikasema. "Zaidi ya hapo si mali yangu."

Tak Ok-hui akaweka kijiko chini. "Sasa ombi kwa nini liondolewe? Mama Hye-rim, sisi si wageni. Kuna nini?"

Neno lilikuwa hapa, Hye-rim, mbele kabisa ya ulimi. Ningesema "wameacha" tu, wangenikumbatia wote. Wangelia na mimi. Nilitaka sana kulia na watu, nisikufiche. Nikamwambia, "Hata Eli hakuuliza, dada." Nikaketi nikala wali wangu, na sikuusikia ladha.

Sasa wengine wananisema nina kiburi. Mwani nimerudisha. Kwenye simu nimekuwa wa kumi na nne. Kuzuia ulimi sikuweka tiki, ingawa ndiyo siku niliyouzuia kweli.

Naogopa habari ya mimba ilishatangulia Andong. Nifanye nini?

Mama

*

Yeongju, 6 Julai

Hye-rim,

Ni baba yako. Sijui barua zinaanzaje.

Mama yako anaosha masufuria yaliyo safi. Soksi zangu kazikunja mara mbili. Usiku anageuka huku na huku kama mtu aliyelalia kokwa. Mezani anafungua mdomo, ananitazama, anaufunga, ananipa kabichi ya kimchi ambayo sikuomba. Miaka arobaini na moja ya ndoa, sijawahi kumwona ananyamaza wiki tatu. Natishika.

Mwezi wa tano nilipokuletea miche ya vitunguu ukaniambia habari yenu pale kituo cha basi, mimi ndiye niliyekuomba mama yako asijue kwamba nilitangulia kujua. Ingemuuma. Lakini sasa anaumia kwa kunificha ninachokijua.

Mpe ruhusa aniambie. Nitashangaa.

Tufaha za mwanzo zinakwenda vizuri.

Ban Gi-hwan

*

Daejeon, 15 Julai

Mama mpendwa,

Habari ya mimba ilifika Andong, ndiyo. Usiogope. Sang-yun alipanda basi Jumamosi akaenda mwenyewe, akamwambia mama yake yote. Anasema mama mkwe alimenya tufaha, akaikata, akampa. Kisha akauliza kama dawa ya mizizi tumeimaliza. Akajibiwa hapana. "Basi zirudisheni," akasema, "mgongo unaniuma." Mpaka hapo ndipo tulipofika naye, na si haba.

Binamu yake anayesali kwenu naye alinipigia simu kulalamika kwamba Shemasi Gwak siku hizi mgumu, huwezi kumtoa neno hata kwa koleo. Mama, nilitoka nje ya ofisi nikasimama kwenye ngazi nikacheka, halafu nikalia kidogo. Miaka yote nimeogopa kukwambia mambo. Sasa nina mtu wa kumwambia.

Fomu mpya iko humu. Penye watu wengine nimeandika jina moja: Ban Gi-hwan, mume. Mwambie Baba. Mlie wote wawili, mmalize.

Kanisa nitaliambia mimi, kwa mdomo wangu, nikitaka. Hana naye alirudi kwa Eli miaka baadaye akamwambia, ni mimi yule mwanamke. Alichagua siku yake. Tunakuja tarehe tisa mwezi wa nane, tuachieni tufaha za mwanzo.

Hye-rim

*

Yeongju, 1 Agosti

Mwanangu Hye-rim,

Nimemwambia. Alikuwa juu ya ngazi kwenye mti wa tatu, nikasimama chini nikaishika ngazi, nikasema, "Baba Hye-rim, watoto wameacha kutafuta mtoto."

Jamani, kile kioja! Alishangaa kama mchungaji wa kondoo kwenye igizo la Krismasi. Mikono juu, mdomo wazi. "Ati nini? Yaani tangu mwezi wa tano hawajaenda hospitali?"

Mwezi wa tano sikuutaja, Hye-rim. Nilikuwa bado sijafika huko.

Nikamtazama. Nikataka kumuuliza huo mwezi wa tano kaupata wapi, na unajua mimi nikitaka kuuliza. Lakini alishashuka ngazi, ameketi kwenye sanduku, amevua glavu, na analia. Hapo hakuwa anaigiza. Miezi mitatu mzee huyu amekuwa akilibeba peke yake, anangoja mtu wa kulia naye, na ananingoja mimi. Nikaketi kwenye sanduku la pili. Jina la yule mjukuu nimemwambia yeye. Akasema ni zuri. Kisha tukamaliza mstari wa miti, maana mvua ilikuwa inakuja.

Jumapili nikatoa bahasha ya shukrani. Nimeandika jina langu, na penye sababu nimeacha wazi. Mchungaji alipoifikia alisimama, akaigeuza upande wa pili, akarudi upande wa kwanza. Kanisa zima shingo nje. Tak Ok-hui alikuwa amesimama nusu. Mchungaji akasema, "Shemasi Gwak Mal-rye anamshukuru Mungu," akasogeza miwani, "na Mungu anajua." Akaiweka chini, akachukua nyingine. Baada ya ibada Tak akaja moja kwa moja. Nikajua leo nitaliwa. Akanitazama, akanipa boga la shambani kwake, akaniambia nimependeza, akaondoka zake. Hakuuliza! Jumamosi nitampelekea tufaha.

Zile Siku Mia zimeisha, nimekuwa wa kumi na saba, na programu nimeifuta. Hatua bado natembea.

Njooni tarehe tisa. Tambi baridi nitapika mwenyewe, Sang-yun atakula bakuli ngapi ni juu yake.

Na kuhusu baba yako. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi ndimi kata. Anafurahi tangu siku ile, anapiga mluzi, anadhani alinidanganya vizuri sana.

Usimwambie.

Mama yako,
Gwak Mal-rye